Jirani Alipolala

Mchana ukishapita katikati, karakana ya Fundi huwa na mwanga wa namna yake. Jua huingia kwa dirisha la upande, likapita juu ya makochi yaliyovuliwa nguo, na vumbi la sufi likaanza kuelea ndani yake taratibu, kama halina haraka ya kutua popote. Wateja hawaupendi mwanga huo kwa sababu unaanika uchakavu wa vitu vyao. Fundi anaupenda kupita kiasi. Ndio wakati ambao mikono yake hufanya kazi yenyewe, inavuta mkanda, inakata kitambaa, inakunja pembe, na akili yake inakwenda inakotaka. Ukimsemesha saa hizo atakujibu, tena vizuri tu, ila usije ukamwuliza baadaye alisema nini.

Kazi yake ni kuwamba makochi. Aliirithi kwa baba yake pamoja na mikasi, nyundo na chumba chenyewe, ambacho ni chumba cha mbele cha nyumba waliyozaliwa yeye na kaka yake. Kaka mtu ndiye dereva wa kupeleka na kuchukua mizigo. Akiulizwa na watu familia yao inafanya kazi gani, hujibu bila kupepesa macho kwamba wao hutunza makalio ya mji mzima, na mji haujawahi kusema asante.

Mapenzi ya mbwa nayo waliyarithi humohumo. Sisemi mbwa kwa jumla. Mletee mmoja wao kile kijibwa cheupe chenye manyoya ya kujikunja, atakiangalia kwa adabu kama unavyoangalia mtoto wa mtu usiyemfahamu. Hawa ni watu wa shepadi, wale mbwa wakubwa wenye mgongo mweusi na masikio ya kusimama ambao wengi huwaita mbwa wa polisi. Sebuleni kwao zimetundikwa picha za ukoo na hakuna hata moja isiyo na shepadi. Katika ile ya harusi ya Fundi, mbwa yuko mbele katikati, ameitazama kamera sawasawa, na bwana harusi amekatwa bega. Bwana harusi huyo alikwishajiondokea miaka mingi iliyopita, na kaka mtu husema mpiga picha aliona mbali.

Shepadi wa mwisho alikufa kwa uzee, akiwa amelala mlangoni, na tangu siku hiyo Baba hakutoka tena nje. Zamani alizoea kutembea mpaka langoni na kurudi, asubuhi na jioni, mbwa ubavuni pake, wawili hao wakikagua mtaa kana kwamba wameukodisha kwa watu. Sasa akawa anaamka, anakaa kwenye kiti chake cha sebuleni, na analitazama lango kupitia dirishani hadi giza liingie. Ukimwuliza, magoti yanamsumbua. Fundi alijua si magoti. Ilimuuma kumwona vile, yeye ambaye kochi lililobomoka la mtu yeyote hulirudisha likaonekana jipya, na baba yake mwenyewe hajui amshike wapi.

Ndipo akaenda kwa Mlezi. Huyu ni mama mmoja mwenye ua mkubwa pembezoni mwa mji, ambaye hukusanya mbwa waliotupwa, akawatibu na kuwatafutia watu. Majirani zake humwita Mama Mbwa kwa kumkebehi, naye huitika kwa furaha mpaka wamechoka. Kulikuwa na kampuni ya ulinzi iliyofunga milango na kuondoka, ikaacha mbwa wake mabandani bila chakula wala maji. Mlezi aliwachukua wote. Katika hao waliosalia kulikuwa na shepadi wawili, dume na jike, waliowahi kulinda lango moja.

Aliwaleta mwenyewe kwa pikapu yake kuukuu, na kabla hajawafungulia alisimama uani na kuwatazama wenyeji mmoja mmoja.

"Siwatenganishi," alisema. "Mnawachukua wote wawili au hamchukui hata mmoja. Na mwezi ukiisha nakuja kuwaona. Nikikuta mmoja wao bado hana raha, naondoka nao wote. Kuna shamba huko mbali, wana nafasi, watawapokea."

"Mama, usiwe na shaka," Baba alimjibu kutoka mlangoni, ambako alikuwa hajafika kwa muda mrefu. "Umefika kwa watu wanaowajua mbwa hawa."

"Hao wanaowajua ndio hunitia wasiwasi, Mzee," alisema Mlezi, akafungua mlango wa pikapu.

Dume aliruka chini, akanusa kila mtu, akapita katikati yao na kuingia jikoni moja kwa moja. Kufikia jioni alikwishaitwa Mlafi. Jike alishuka kwa hatua, akazunguka ukuta wa ua mzima akiugusa kwa bega, kisha akakaa kwenye kona ya mbali akiwatazama. Siku ya pili vilevile. Alikuwa akiona kila kitu na haingii ndani, kwa hiyo kaka mtu akampa jina la Jirani.

Nyumba hiyo ina mluzi wake. Babu yao ndiye aliyeuanza, mmoja mrefu unaopanda, halafu miwili mifupi, na kila shepadi aliyewahi kuishi hapo aliujua kabla hajaujua mlango. Baba huupiga vizuri kuliko wote. Siku ile ya kwanza ya chakula alisimama kizingitini na bakuli mkononi, akalowesha midomo na kuupiga. Mlafi alikuja mbio mkia ukipepea, na Baba akawatazama wanawe kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi. Jirani aliinuka pale konani, akapita nyuma yao wote bila kumtazama yeyote, akaingia ndani ya stoo wanamoweka mabaki ya sponji, akaenda hadi mwisho na kukaa akiuelekea ukuta.

"Mgeni huyo, ana haya," Baba alisema.

Haya hizo hazikwisha. Alipigiwa mluzi asubuhi, akapigiwa mchana, akapigiwa jioni, kwa upole na subira ya watu waliolea mbwa tangu enzi za babu. Kila mara aliinuka na kwenda kuukabili ukuta wa stoo. Baba alikuwa na maelezo. Shepadi jike ni mkaidi na huchagua, alisema, hamfuati kila mtu, atatupima wote kisha atamchagua mmoja wetu.

"Ameshachagua, Baba," kaka mtu alimwambia. "Amechagua ukuta."

Mlafi yeye alikuwa fahari ya nyumba. Mchana alilala karakanani juu ya rundo la sufi, miguu hewani, akiota. Fundi alipenda kuzitazama ndoto zake kutoka kwenye kazi. Miguu ilianza kwa kutetemeka, halafu ikakimbia, halafu midomo ikacheza, na Fundi akawa anamfuata kwa mawazo, wanavuka majani marefu ambayo hajawahi kuyaona, wanafika mahali penye maji, hakuna lango wala mtu wa kumzuia. Mara nyingine alizinduka akakuta kitambaa kimekatwa na hakumbuki kukikata.

Siku moja katika usingizi huo ubao mpana wa kochi uliteleza ukutani ukaanguka sakafuni kwa kishindo, Fundi akaruka, mteja aliyekuwa mlangoni akashika kifua. Mlafi hakutikisa hata sikio.

"Umeona?" Baba alisema kutoka sebuleni, amejaa majivuno. "Huyo amezoea milio ya bunduki. Huyo ni mbwa wa kazi."

Hakuna aliyembishia. Walikuwa wanawajua mbwa hawa, kumbuka.

Siku zilikuwa zinakwenda, na Fundi alikuwa akizihesabu moyoni bila kutaka. Baba alikuwa ameanza kutoka tena. Mlafi alimsindikiza mpaka langoni na kurudi, na akiketi, Mlafi huyo miguuni pake. Alicheka mezani, jambo ambalo nyumba ilikuwa imelisahau. Mlezi akija akamkuta Jirani stoo, yote hayo yataingia kwenye pikapu na kwenda shambani, na Baba atarudi dirishani. Fundi alijua kwamba safari hii asingetoka tena hapo. Aliogopa. Akawa anabeba kazi yake ya kushona kwa mkono na kwenda kukaa stoo, mgongoni kwa Jirani, hamsemeshi wala hamgusi. Mbwa yule hakuwa akilala. Alifumba macho akiwa ameketi, bega limeegemea ukuta, na kila hatua ya mtu uani ilimfumbua.

Kisha ikaja siku ile. Mwanga ulikuwa umeshaingia, vumbi linaelea, Mlafi anakimbia ndotoni. Fundi aliinua macho na kumwona Jirani amesimama kwenye mlango wa karakana. Alikuwa ametoka mwenyewe. Aliingia hatua moja, akanusa kochi, akanusa gunia, akalifikia rundo la sufi na kukanyaga kwa mguu mmoja kama anapima kina cha maji. Magoti ya mbele yakaanza kukunjika. Fundi aliacha kupumua. Na Baba, ambaye alikuwa akiona yote kutoka kwenye kiti chake, akashindwa kujizuia kwa furaha, akapiga mluzi wa nyumba, mtamu kuliko siku zote.

Jirani alinyooka. Akageuka, akatoka, akaenda stoo.

Fundi alibaki ameshika mkasi. Kilichomgusa ni mwendo wake. Mbwa anayeogopa hukimbia, mkia tumboni. Huyu alitembea, kichwa chini, bila kukosea hatua, kama mtu anayekwenda kupanga foleni kazini. Fundi akamfuata hadi stoo, akamtoa taratibu kwa ukosi wa shingoni, akafunga mlango. Halafu akafanya jambo lililomwia gumu, akapiga mluzi yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo. Jirani alikwenda kwenye mlango uliofungwa, akaketi mbele yake, pua karibu iguse mbao. Akasubiri.

Fundi alivua aproni akaenda kwenye duka la mbao wanakonunua, kwa kuwa mlinzi wa lango la pale aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni ile iliyofungwa, naye Fundi alikwishamsikia akiilalamikia. Alimkuta amekaa kwenye stuli anachambua mchele wake.

"Samahani, kaka yangu. Kule mlikuwa mnawapigia mbwa mluzi?"

"Ndiyo. Asubuhi, zamu ikiisha," mlinzi alijibu, mikono haijaacha mchele. "Ukipiga, kila mbwa aingie bandani kwake, akae aangalie ukuta wa nyuma. Hapo ndipo unaweza kufunga komeo bila kuumwa. Mluzi wowote ule, hata wa kuita muuza maji. Asiyeingia alijua atakachokipata."

"Na yule jike mwenye doa jeupe kifuani?"

"Aa, yule!" Mlinzi aliinua uso, akatabasamu. "Yule hakuwahi kupigwa. Mtiifu kuliko wote. Mwenzake dume ndiye tuliyekuwa tunamkokota kwa ukosi, maana hasikii kitu. Kiziwi wa zamani sana, yule."

Fundi aliaga, akatembea. Barabara nzima hakuiona. Alikuwa akiwaona wao, ukoo mzima wa mafundi wa shepadi, wamepanga mstari kizingitini, wanamsifu kiziwi kwa usikivu na kumsikitikia mtiifu kwa ukaidi. Alitamani kucheka, na alicheka kweli, peke yake kando ya barabara, mpaka aliposikia uso umelowa.

Alimweleza Baba jioni ile, kaka mtu akiwapo. Kaka mtu alianza kuguna kicheko sehemu ya Mlafi, akakimeza alipomwona mzee.

"Kwa hiyo kila siku," Baba alisema polepole, "kila siku nilikuwa namwambia akajifunge."

"Hukujua, Baba."

"Alikuwa ananitii. Alikuwa ananitii kila siku, na mimi nakaa hapa namwita mkaidi." Akatoa kitambaa akafuta uso bila kujificha. "Nimemkosea mnyama wa Mungu."

Waliondoa mluzi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa Fundi na kaka yake halikuwa jambo kubwa. Kwa Baba lilikuwa kama kuambiwa asikohoe. Aliupiga bila kujua, akimimina chai, akifunga viatu, akiona kitu kizuri, na kila ulipomponyoka, mlango wa stoo ulilia na mzee akajipiga kofi mdomoni. Ikawa siku njema ni ile aliyokosea mara moja tu. Na mwezi ulikuwa umebaki kipande.

Basi asubuhi moja Fundi aliingia karakanani akamkuta Baba amekaa kwenye kiti kifupi cha kazi, nyundo mkononi, fremu ya kochi mbele yake. Alikuwa ameacha kazi siku Fundi aliponunua bunduki ya kupigia pini. Alisema ile si kazi, ni vita. Mafundi wa enzi zake hushika misumari midogo mdomoni, fungu zima, wakaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuipokea kwa nyundo. Na hivyo ndivyo alivyokuwa, mashavu yamejaa.

"Baba, unafanya nini?"

Mzee alionyesha mdomo wake kwa kidole, kisha akaonyesha upande wa stoo. Mwenye misumari mdomoni hawezi kupiga mluzi.

Kuanzia hapo karakana ilikuwa na utulivu ambao ni vigumu kuueleza. Bunduki ya pini iliwekwa kabatini. Ilibaki nyundo ndogo ya Baba, tok, tok, na mkasi wa Fundi, na pumzi za Mlafi. Baba na binti walifanya kazi bega kwa bega bila kusemezana, wakielewana kwa nyusi, na Fundi alihisi amerudi kuwa yule msichana mdogo aliyekuwa akimshikia kitambaa, jua hilohilo, vumbi hilohilo, hana hakika kama miaka katikati iliwahi kupita. Wateja walioingia nao walishusha sauti bila kujua kwa nini. Hata kaka mtu alijifunza kufunga mlango wa gari kwa nyonga.

Jirani alikuja mlangoni. Akarudi. Akaja tena, akakaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, akasikiliza nyundo. Hakuna aliyemwita. Ilikuwa adhabu kwao, watu wa kuita na kukumbatia, kumwacha tu. Lakini walimwacha. Hakuna siku walipoweza kusema leo amekuja. Ilikuwa kama mwanga wenyewe, ukiutazama hausogei, ukigeuka umefika ukuta wa pili.

Siku ya Mlezi ilifika na Fundi hakuwa tayari. Alimwona langoni na kamba mbili mkononi, moja kwa kila mbwa. Mlezi hakupiga hodi. Alipitia uani, akaenda moja kwa moja stoo, maana Fundi hakuwa amemficha kitu walipozungumza kwa simu, akasukuma mlango. Akasimama pale muda, halafu akaja karakanani uso umekunjamana.

"Hayumo. Yuko wapi?"

Fundi aliweka kidole mdomoni.

Baba alikuwa kwenye kiti chake kifupi, mashavu yamejaa misumari, nyundo imetua mapajani. Hakugeuka. Akaonyesha chini kwa kidevu. Jirani alikuwa amelala kwa ubavu, amejinyoosha urefu wake wote sakafuni, tumbo wazi, kichwa juu ya kiatu cha mzee. Miguu yake ilikuwa inatetemeka. Kisha ikaanza kukimbia.

Mlezi aliegemea mlango.

"Sijawahi kumwona amelala chini," alinong'ona. "Muda wote aliokaa kwangu. Hata siku moja."

"Anaota," Fundi alimnong'oneza.

Walisimama wakamtazama akikimbia. Jua lilikuwa limemfikia ubavuni na vumbi la sufi lilitua juu ya manyoya yake, na yeye alikuwa mbali nao, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyejua njia yake. Baba aliinamisha kichwa, akaitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, isigongane.

"Mzee," alisema Mlezi kwa sauti ya chini kabisa, "na mguu je? Hujachoka?"

"Nimechoka tangu adhuhuri," Baba alijibu. "Nyamaza, mama, utamwamsha."

Mlezi alifunika mdomo. Alizikunja zile kamba mbili, akaziingiza ndani ya mkoba wake zote, akamshika Fundi mkono akaubana, kisha akarudi nyuma kwa vidole vya miguu mpaka nje. Fundi alikwenda dirishani kumsindikiza kwa macho. Alimwona ameingia kwenye pikapu yake, ameshika ufunguo, halafu ameuacha. Mtaa wao una mteremko. Mlezi alilegeza breki, na gari lile kuukuu likaanza kushuka lenyewe polepole, bila mlio, likapita nyumba ya jirani na ya jirani mwingine, na aliliwasha lilipofika chini kabisa.